Kofia ya Bomba

Mwantumu alikuwa ameketi sakafuni katika mahabusu ya wanawake, kanga ameivuta mpaka kidevuni, na swali lake lilikuwa lile lile la jana.

"Afande, aliniita?"

Inspekta Grasiana hakulipenda swali hilo. Yeye alikuja kuuliza, hakuja kuulizwa, na lililomuudhi zaidi ni kwamba hakuwa na jibu.

"Mama Shamimu, tuanze na langu. Ulipofunga kufuli, tangi lilikuwa wazi au limefunikwa?"

"Limeshafunikwa. Kufuli linaning'inia tu. Nilikuwa nakimbilia gari la Kabuku, dada yangu kajifungua. Nikalibana, kwa! Kama siku zote."

"Hukuchungulia?"

"Tangi limefunikwa, nichungulie nini? Na wewe afande, ungeacha tangi bila kufuli hapa Handeni?"

Grasiana mwenyewe asingeacha. Katika mji huu watu hufunga maji kabla ya kufunga nyumba. Mlango unaweza kulala na kamba, lakini tangi lina kufuli la Kichina na ufunguo uko shingoni mwa mama mwenye nyumba.

"Na ngazi?"

"Ilikuwa imeegemea ukuta wa jiko. Ningeiona shimoni ningejua mwenyewe yumo. Adhana ya alasiri ilishapita, nikajua Baba Shamimu kaenda msikitini." Kisha akalirudia lake. "Huko chini, afande. Aliniita?"

Grasiana alitoka bila kuaga vizuri. Kesi ya Mzee Awadhi Semboja ilikuwa imeshaivishwa na wenzake kabla yeye hajarudi kutoka likizo: mzee kashuka kwenye tangi lake la ardhini kutengeneza kiungio cha bomba, mke kachomoa ngazi, kafunika, kapiga kufuli, kaenda Kabuku. Maji ya mgao yamekuja jioni, tangi limejaa. Asubuhi mke karudi, kafungua kuchota maji, kapiga yowe. Mpwa wa marehemu, Rehani, alieleza kuwa wale wawili waligombana siku ile. Kesho Mwantumu angesomewa shitaka la mauaji, na mauaji hayana dhamana. Mwanamke angeingia gerezani akae huko mpaka kesi itakapopata siku ya kusikilizwa, na hiyo siku hakuna aijuaye.

Mkuu wa upelelezi alimwambia waziwazi: "Una leo tu, Grasiana. Na usiniletee hisia."

Hakuwa na hisia za kumpelekea. Alikuwa na kipande kimoja cha plastiki ndani ya mfuko wa vielelezo, na kipande hicho kilimnyima usingizi.

*

Nyumba ya Mzee Awadhi ilikuwa na ua wa michongoma. Rehani alimpokea yeye na Konstebo Denis kwa adabu zote, kijana wa miaka thelathini hivi, shati limepigwa pasi, macho mekundu ya mtu aliyefiwa.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Pole na msiba."

"Tumeshapoa. Mjomba alikuwa ndiye baba yangu. Amenilea tangu nikiwa hivi." Akaonyesha urefu kwa mkono.

Upande wa pili wa michongoma, Mama Filomena, jirani, alikuwa akichambua mchicha na kusikiliza bila kujificha. Bomba lake la uani lilikuwa wazi, limekauka, na chini yake amekinga debe tupu. Konstebo Denis aliliona akanyoosha mkono kutaka kulifunga.

"Liache hivyo hivyo, mwanangu!" Filomena akamkemea. "Wewe mtu wa wapi?"

"Wa Hale, mama."

"Ndiyo maana. Nyie mnalala kando ya mto. Sisi tunaliacha wazi, maji yakija debe linatuamsha."

Tangi lilikuwa chini ya ua, kati ya jiko na chumba cha Rehani. Mzee Awadhi alilichimba mwenyewe, akalipiga lipu mwenyewe na mabomba akayaunga mwenyewe, maana alikuwa mtu wa kuamini kwamba fundi huja kuharibu ili apate sababu ya kurudi. Lilikuwa na umbo la chupa: tumbo pana, na juu shingo nyembamba ya kupita mtu mmoja. Mfuniko wake ulikuwa wa zege, mnene, una vishikio vya nondo. Polisi walilikausha siku walipoutoa mwili.

Grasiana alivua viatu, akakunja suruali, akashuka ngazi na tochi ya simu mkononi. Hakupenda mashimo. Alipokanyaga sakafu alihisi jasho likimtoka mgongoni, naye akajikasirikia.

Alianza na bomba la kuingizia maji, lililoshuka ukutani kutoka kwenye mita. Alipitisha kidole kwenye kila kiungio. Kabla ya kila kiungio palikuwa na mstari mdogo wa penseli unaoonyesha bomba limezama kiasi gani, na mikwaruzo ya msasa, na hakuna hata tone la gundi lililovimba nje. Mzee alikuwa akifuta gundi iliyozidi kabla haijakauka.

Grasiana alijikuta anamheshimu marehemu. Yeye mwenyewe alikuwa anajenga nyumba yake kidogo kidogo kule Manundu, Korogwe, na Jumamosi zake aliziacha kwenye mabomba ya choo. Kiungio chake cha kwanza kilimwaga maji mpaka kwa jirani. Hakupiga msasa, hakufuta vumbi, alisukuma nusu akaachia. Ndipo alipojifunza kwamba gundi ile haigandishi kama gundi ya karatasi. Inayeyusha plastiki, ya nje na ya ndani, zinakuwa kitu kimoja. Ukishaunga hurudi nyuma, unachukua msumeno. Na lazima ushikilie kwa nguvu kwa muda, maana ukiachia mapema bomba linajisukuma lenyewe kutoka.

"Denis!"

"Naam, afande!" Kichwa cha konstebo kikaziba mwanga shingoni.

"Viungio vyote vya maji yanayoingia ni vizima. Hakuna kilichofumuka."

"Sasa ile elbo tuliyookota chini?"

Ndiyo hiyo iliyokuwa kwenye mfuko. Grasiana aliitoa. Ilikuwa elbo ya kawaida ya plastiki, kiungio kilichopinda, na ndani yake hapakuwa na alama ya gundi hata chembe. Alimulika juu. Mahali ambapo tumbo la tangi linaanza kuwa shingo, bomba jingine lilichomoza ukutani kiasi cha kiganja. Lilikuwa bomba la kutolea maji yanayozidi. Aligeuza ndoo iliyokuwa pale chini, akapanda juu yake, akaichomeka elbo kwenye lile bomba. Ikaingia barabara. Akaichomoa kwa mkono mmoja.

"Hii hakuiunga. Aliichomeka tu, ili awe anaitoa akisafisha. Ilikuwa inatazama chini, takataka zisiingie. Haikufumuka, Denis. Ilichomolewa."

"Nani aichomoe?"

"Mwenyewe. Alisimama hapa, juu ya ndoo hii, maji yanapanda. Elbo inatazama chini, kwa hiyo maji yakifika mdomoni pake sauti haipiti tena. Akaichomoa ili aongee moja kwa moja kwenye bomba."

Denis alishusha sauti. "Alikuwa anaita."

"Alikuwa anaita. Na hili bomba linatokea wapi?"

Lilitokea kwenye pipa lililokuwa chini ya dirisha la Rehani, upande ambao ua unateremka, maana Handeni hakuna anayemwaga maji yanayozidi. Na Rehani aliandikisha polisi kwamba jioni ile alikuwa amelala chumbani mwake, dirisha wazi, na hakusikia chochote.

Grasiana akaamua pale pale. Alipenda majaribio, na alipenda zaidi yakiwa yake.

"Toa ngazi. Funika. Funga kufuli, iwe kama siku ile. Wewe nenda kalale kwenye kitanda cha Rehani. Yeye akae kizingitini umwone. Ukinisikia, njoo ufungue. Usiponisikia, usije."

"Nisije kabisa, afande?"

"Nataka kujua kama mtu aliyelala pale anasikia. Sitaki kujua kama una huruma. Koki ya mita imefungwa?"

Sauti ya Rehani ikatoka nyuma ya Denis, ya upole kabisa. "Nimeifunga mimi mwenyewe tangu asubuhi, afande. Na zamu yetu ya maji bado."

Ngazi ikapanda. Zege likakwaruza zege. Kufuli likalia, na mwanga ukakatika.

*

Giza la mle ndani lilikuwa na harufu ya saruji na moshi wa kale wa koroboi ambazo mzee alizitumia kujengea. Grasiana aliwasha tena tochi ya simu. Mtandao haukuwepo, na hilo alilitarajia. Akapanda juu ya ndoo, akainama, akaweka mdomo kwenye bomba.

"Denis!"

Sauti ilimrudia mdomoni, nzito, kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Akangoja. Akaita tena, kwa nguvu zaidi. Akaita mara ya tatu kwa sauti ambayo asingependa mtu wa kituoni aisikie.

Hakuna mfuniko uliosogea.

Basi bomba halipitishi sauti, alijiambia. Rehani kasema kweli. Mwantumu kesho anaenda. Alikuwa karibu kushuka alipopata wazo la kipuuzi, akaliziba bomba kwa midomo yake na kupuliza. Mashavu yalimjaa. Pumzi haikwenda popote. Ilirudi yote, ikamtoka puani.

Bomba lililo wazi hupitisha pumzi, hata liwe refu namna gani. Hili lilikuwa limezibwa upande wa pili.

Hapo ndipo alipoelewa amefanya nini. Hakulifuata lile bomba mpaka mwisho wake kabla ya kushuka, jambo ambalo mwanafunzi wa chuo cha polisi angelifanya. Alikuwa amemwamuru konstebo mtiifu kuliko wote wa Handeni asije mpaka asikie sauti, na sauti haina njia ya kumfikia. Denis angelala kwenye kitanda kile mpaka usiku kwa utii.

"Mjinga," alisema kwa sauti. Alikuwa anajiambia mwenyewe.

Ukutani kitu kikakohoa.

Bomba la kuingizia maji lilikohoa tena, likatema hewa, likatema kutu, kisha maji yakatoka kwa kishindo na kumpiga magotini. Mgao ulikuwa umekuja, na koki ya mita haikuwa imefungwa.

Grasiana aliogopa. Aliogopa vibaya, kwa mwili mzima. Alijaribu kuziba maji kwa kiganja yakamrukia usoni. Akatafuta boya, lile dude linaloelea na kukata maji tangi likijaa, akalikuta limefungwa kamba juu ukutani. Ni desturi ya mtaa mzima. Maji yakija mara moja moja, nani anataka boya limwambie basi? Mzee Awadhi alilifunga mwenyewe, akitegemea bomba la kutolea yanayozidi.

Akagonga ukuta kwa elbo. Akapiga kelele kuelekea shingoni. Mfuniko ulikuwa juu zaidi ya mkono wake hata akiwa amesimama kwenye ndoo, na zege lile lilimeza kila kitu. Maji yalipita vifundo, yakapanda kwenye mashavu ya miguu. Alirudi juu ya ndoo, akaegemea ukuta, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akafanya kazi yake. Alifikiri.

Mzee alisimama hapa hapa. Maji yalimfika magoti, kiuno, kifua. Alikuwa mtu wa mabomba, lazima alijua kwamba maji yakifika kwenye lile tundu yataanza kutoka nje, na hayatapanda zaidi. Grasiana alipima kwa mkono: tundu lilikuwa usawa wa kifua cha mtu aliyesimama juu ya ndoo. Mzee angelowa, angetetemeka, angekesha kwa miguu. Lakini kichwa chake kingekuwa hewani mpaka Mwantumu arudi asubuhi afungue.

Tangi lilijaa mpaka mfunikoni kwa sababu bomba lilizibwa. Kufuli halikumuua Mzee Awadhi.

Na aliyeziba hakuwa Mwantumu. Kama bomba lingekuwa limezibwa tangu zamani, mzee asingehangaika kuchomoa elbo. Alikuwa anajua liko wazi. Lilizibwa maji yakiwa yanapanda, na wakati huo Mwantumu alikuwa Kabuku amempakata mtoto wa dada yake, na kijiji kizima cha ndugu kinashuhudia.

Jambo lilikuwa limekaa sawa kabisa kichwani mwake, na kichwa chake kilikuwa shimoni. Hakuwa amemwambia mtu. Akifia humu, Rehani atalia tena kwa adabu, na Mwantumu ataozea gerezani. Maji yalimfika kiunoni. Baridi ilimpanda mpaka kwenye meno. Alikumbuka choo chake cha Manundu ambacho hakijaezekwa, akaona uchungu, halafu akaona aibu kwamba anakumbuka choo.

"Fungueni!" alipiga kelele. "Fungueni jamani!"

Maji yalimfika kifuani. Yalilifikia lile tundu, yakaingia, yakalijaza bomba, yakaendelea kupanda. Simu aliinua juu ya kichwa. Akaanza kusali Baba Yetu kwa haraka, na alikuwa amefika kwenye mkate wa kila siku zege lilipokwaruza.

Mwanga. Uso wa Denis, mweupe kama umepakwa majivu.

"Afande! Afande, nisamehe, sikusikia!"

"Ngazi, Denis! Samahani baadaye!"

*

Alitoka akitetemeka, maji yanamchuruzika mpaka kwenye mkanda wa kazi. Uani walikuwepo Denis, Rehani, na Mama Filomena aliyeshika ndoo ambayo haikumtoka mkononi hata katika hali ile.

"Debe langu lilipolia nilikimbia kukinga," alisema Filomena. "Mtaa mzima tunapiga kelele, maji, maji! Nimejaza pipa la kwanza, nikajaza na la pili, ndiyo likanijia: yule mama wa polisi si yuko tangini? Nikamfuata huyu mwanao, nikamkuta kalala kitandani macho juu. Namwambia maji yamekuja, ananiambia anangoja sauti. Nisamehe, mwanangu. Nilijaza kwanza."

"Umeniokoa, mama. Ungejaza hata la tatu nisingekulaumu." Grasiana alimgeukia Rehani. "Koki ulisema umeifunga."

"Nilidhani nimefunga, afande. Labda niligeuza upande usio wake." Rehani aliinamisha kichwa. "Naomba radhi sana."

Grasiana alikwenda peku mpaka chini ya dirisha lake, akaegemea lile pipa, na kwa msaada wa Denis wakalisogeza. Nyuma yake, kwenye majani, mwisho wa bomba ulichomoza ardhini. Ulikuwa umevalishwa kofia. Kofia nyeupe ya plastiki, ile inayofunikia bomba lisilotumika, na ilikuwa imeungwa kwa gundi.

"Hii aliiweka nani?"

"Mjomba," alisema Rehani mara moja. "Zamani. Vyura walikuwa wanaingia."

Grasiana alipiga magoti. Hapakuwa na mstari wa penseli, wala mkwaruzo wa msasa. Vumbi lilikuwa limenaswa ndani ya gundi, na gundi yenyewe ilikuwa imefura pembeni mwa kofia kama uji uliochemka ukamwagika.

"Mjomba wako alifuta gundi yake kwenye kila kiungio. Huku aliyeweka alikuwa na haraka." Akamwita jirani bila kuinua macho. "Mama Filomena, siku ile maji yalipokuja, Rehani alikinga?"

"Rehani?" Filomena alifikiri. "Hakukinga, kwa kweli. Nilishangaa. Sisi tunakimbizana na ndoo, yeye kachuchumaa hapo hapo ulipo, nyuma ya pipa, muda mrefu. Nikasema labda tumbo linamsumbua, nikageuza macho. Mtu mzima."

"Mbona hukusema polisi?"

"Nani aliniuliza? Waliuliza kuhusu Mwantumu tu."

Rehani alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Afande, kuchuchumaa nyumbani kwangu ni kosa?"

"Kwako?"

"Kwetu. Mimi ni mtoto wa dada yake. Sisi Wazigua mjomba hurithiwa na mpwa wake, na siyo na mke aliyekuja juzi. Lakini mtaa mzima unajua alishatangaza nyumba ni ya Mwantumu."

"Wala sikukuuliza kuhusu nyumba." Grasiana alisogeza uso karibu na kofia, akamwomba Denis tochi. "Njoo uone, Denis. Gundi hii inayeyusha plastiki. Ukiibonyeza ikiwa mbichi, kidole chako kinabaki humo milele. Na kofia kama hii huwezi kuiweka ukaondoka. Maji yanaisukuma, gundi yenyewe inaisukuma. Lazima uishikilie."

Pembeni mwa kofia, kwenye gundi iliyokauka, palikuwa na alama ya kidole gumba. Mistari yake yote ilionekana, na kovu dogo limeikata katikati.

Macho ya Denis yalitoka kwenye kofia, yakaenda kwenye mkono wa kulia wa Rehani, kwenye kovu la gumba. Rehani aliuingiza mfukoni.

"Ngazi uliitoa wewe," alisema Grasiana, akiinuka taratibu. Meno yalikuwa bado yanagongana na hilo lilimpandisha hasira. "Mfuniko ukaufunika wewe, ukijua Mwantumu atapita na kubana kufuli bila kuangalia, kwa sababu ndivyo afanyavyo kila siku. Ulitaka aonekane yeye. Labda ulipanga kesho useme, masikini, kumbe mjomba alikuwa ndani. Lakini maji yakaja, na sauti ikaanza kutoka hapa."

"Sikusikia sauti yoyote."

"Ulichukua kofia na gundi kwenye vifaa vyake mwenyewe. Ukamziba. Ukakaa umeshikilia, kidole juu, mpaka ikashika. Sauti yake ulikuwa unaisikia kwenye kiganja chako, Rehani."

"Sikusikia."

"Mtu aliyekulea. Anazama, anaita jina lako, Rehani, Rehani mwanangu..."

"Hakuniita mimi!"

Ilimtoka kwa nguvu hata Filomena akadondosha ndoo. Maji yakatawanyika kwenye vumbi na hakuna aliyeyaangalia.

"Hakuniita mimi," Rehani alirudia, sasa kwa sauti ya chini, machozi yanamtoka kweli kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Nilikuwa hapa hapa. Alijua niko hapa. Angesema Rehani mara moja tu ningevunja kufuli. Yeye, Mwantumu, Mwantumu, Mwantumu. Yule kaenda Kabuku, na bado anamwita yeye."

Kisha alisikia alichosema. Alitazama michongoma, akatazama geti, na Denis alikuwa tayari amesimama hapo na pingu mkononi. Hakukimbia. Alitoa mkono mfukoni mwenyewe.

Grasiana aliazima msumeno kwenye vifaa vya marehemu, akalikata bomba chini ya kofia, mbali na ile alama. Maji yakatoka kwa nguvu, yakamwagika kwenye miguu yake. Mama Filomena, ambaye hawezi kuona maji yakipotea hata kwenye msiba, alisukuma pipa likakinga.

Jioni ile mkuu wa upelelezi aliiweka kofia mezani, akaigeuza geuza kwenye mwanga, akakubali mwenyewe kwamba hizi si hisia. Grasiana hakungoja pongezi. Alikwenda mahabusu na nguo zake mbichi vile vile, akamwambia askari wa zamu afungue mlango. Mwantumu aliinuka, akazitazama nguo zile zilizolowa mpaka kifuani, na hakuuliza habari ya Rehani wala ya mahakama. Aliuliza lile lake.

Safari hii Grasiana alikuwa na jibu, na angetoa chochote asiwe nalo.

"Ndiyo, Mama Shamimu," alisema. "Alikuita wewe tu."